Boma la Pujini si la Wageni Peke Yao

Mume na mke waondokao Wete asubuhi kwa gari hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu hadi Chake Chake, kisha huelekea Pujini, mwendo wa kilometa kumi hivi. Huko ndiko liliko boma la Mkama Ndume, la karne ya 15. Wazee husimulia kwamba mtawala huyo aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Na kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane. (Bibi aliyemo garini huenda akakiangalia kisima kuliko boma!)

Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Utajiri huo una majina ya masultani; wabeba mawe hawana hata jina moja.

Hivyo si haki Pujini iachwe iwe matembezi ya watalii tu. Walimu wa Pemba wawapeleke wanafunzi, na wazee wa kijiji, si vitabu vya wageni, ndio wawasimulie.