Kabla ya Kosa Kulikuwa na Nini?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika suala la nidhamu shuleni, hata hivyo, tumezoea kuwahesabu waliolowa na kusahau kuyatazama mawingu.

Hebu tulitazame daftari la nidhamu linalowekwa katika afisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Aghalabu huwa na safu nne: tarehe, jina, kosa na adhabu. Fulani alimjibu mwalimu kwa ujeuri, akapelekwa nyumbani kwa siku tatu. Fulani alikataa kuingia darasani, akakata nyasi. Hakuna safu inayouliza ni jambo gani lililolitangulia kosa. Makala haya yanashikilia kuwa pengo hilo ndilo linalotufanya tuadhibu kosa lile lile muhula baada ya muhula.

Hata msamiati wetu unachangia. Tunasema mtundu, mtukutu, mkaidi, nunda. Maneno haya yote humtaja mtu, wala hakuna hata moja linalolitaja tukio. Mwanafunzi akishaitwa mkaidi, uchunguzi huishia hapo.

Katika shule moja ya kutwa nilikofundisha kabla ya kurejea chuoni, jina la mvulana mmoja wa kidato cha pili lilijaa katika daftari hilo. Tulipoziweka tarehe za makosa yake sambamba na ratiba ya masomo, ilibainika kuwa takriban yote yalitokea katika vipindi ambavyo wanafunzi husoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Zamu yake ilipokaribia, alimchokoza jirani yake au alimtolea mwalimu maneno makali, naye akafukuzwa nje. Kumbe hakujua kusoma vyema, na kule kufukuzwa kulimwokoa na aibu. Adhabu iliyokusudiwa kumrudi ndiyo iliyokuwa tuzo yake! Alipoanza kupewa kifungu siku moja mapema ili ajiandae, fujo zilipungua.

Vichochezi vingine tunavijua, ila hatuviandiki. Kuna njaa ya alasiri. Kuna mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akarejea wiki mbili baadaye na kupewa mtihani wa mambo asiyofunzwa. Kuna kuchekwa kwa sababu ya lafudhi. Sisi wapenzi wa Kiswahili tusisahau pia kile kibao cha fedheha ambacho katika baadhi ya shule mtoto amevishwa kwa kosa la kuzungumza lugha nyingine isipokuwa Kiingereza.

Gharama ya kupuuza mawingu tumeiona. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2016, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto, wengi wakitaja hofu ya mitihani na mabadiliko ya kalenda ya masomo. Sisemi kwamba hofu inauhalalisha moto. Nasema kwamba manung'uniko hutangulia kiberiti, na aghalabu huwa kuna mtu aliyeyasikia.

Wapo watakaodai kuwa huku ni kuwadekeza wanafunzi, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kukijua kichochezi si kulifuta kosa. Yule mvulana bado alimwomba radhi jirani yake. Isitoshe, kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaiharamisha adhabu ya viboko pamoja na dhuluma za kiakili. Mwalimu alipokonywa fimbo bila kukabidhiwa mbinu mbadala, na malalamiko yake kuhusu madarasa yaliyofurika ni ya haki. Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo: safu ya tano katika daftari, ijazwe kwa sentensi moja. Ilikuwa saa ngapi, katika somo gani, na nini kilisemwa au kutendwa kabla ya kosa? Baada ya mwezi mmoja, naibu na mwalimu wa ushauri nasaha waisome pamoja.

Wengi wetu katika chama hiki tutakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Tutakabidhiwa chaki, ratiba na orodha ya majina ya "watukutu" wa darasa. Tuipokee orodha hiyo kwa adabu, kisha tuichore safu ya tano katika madaftari yetu wenyewe.