Bao, Sataranji na Akili ya Nafasi: Mwalimu Asipime kwa Pupa

Yako maneno yaingiayo vyuoni mwetu upesi kuliko uchunguzi uliyoyazaa. Mojawapo ni "akili ya nafasi", yaani uwezo wa mtu wa kuona kwa fikira maumbo, mahali na mwendo wa vitu pasipo kuvigusa. Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiweka akili hiyo katika orodha yake ya akili saba, na miongoni mwa mifano yake akautaja mchezo wa sataranji. Tangu hapo imekuwa desturi ya wanachuo wengi kusema kwamba mtoto mwepesi wa sataranji, au wa bao, amejaliwa jicho la ndani, na aliye mzito hakujaliwa. Kwa maoni yetu hitimisho hili ni la haraka, na atakayelilipia ni mtoto wa darasa la tatu asiye na njia ya kujitetea.

Tutazame kwanza sataranji yenyewe, maana ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1894 Alfred Binet wa Ufaransa alitoa kitabu juu ya mabingwa wachezao bila kuutazama ubao. Alitarajia kukuta watu wenye picha kamili kichwani, mithili ya picha iliyopigwa. Badala yake wengi wao walimweleza kuwa hawaoni rangi wala sura ya farasi au ngome; wanachokiona ni nguvu ya kila kete, na mahali inapoelekea kushambulia. Baadaye Adriaan de Groot wa Uholanzi, katika kazi aliyoitoa mwaka 1946, alionyesha kwamba bingwa akiutazama ubao kwa sekunde chache tu huweza kuupanga upya karibu wote. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wakaongeza jambo moja dogo lenye maana kubwa: walizipanga kete ovyo, bila mfuatano wa mchezo wowote wa kweli, nao ubora wa bingwa juu ya mwanagenzi ukawa karibu kutoweka. Basi hazina ya bingwa ni mipangilio mingi aliyoizoea kwa miaka, ambayo sasa huitambua kama sisi tuitambuavyo sura ya jirani.

Jaribio jingine la mwaka 2002, la Andrew Waters na wenzake, liliwapima wachezaji 36 wa sataranji uwezo wa kukumbuka maumbo yasiyohusu mchezo. Hawakuwapita watu wengine, wala aliye hodari zaidi wa sataranji hakuwa hodari zaidi wa maumbo. Hatusemi kwamba uhusiano haupo kabisa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2016 uliuona, lakini ulikuwa mdogo, na mwalimu hawezi kuusimamishia hukumu juu ya mtoto.

Sasa turudi nyumbani. Mwalimu atakayepangwa Kaagya, au katika kisiwa cha Bumbire huko Muleba, si rahisi akute sataranji shuleni. Atakuta bao. Bao la safu nne lajulikana pwani na bara. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, mwenzake huitwa omweso. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. (Sataranji nayo ina vyumba 64, ingawa kufanana huko ni kwa bahati tu.) Tofauti kubwa ya michezo hii miwili ni kwamba katika sataranji unasogeza kete moja na nyingine zinabaki mahali pake, ilhali katika bao hatua moja yaweza kubadili idadi ya kete katika nusu ya mashimo, na mchezaji akaendelea kuokota na kupanda mpaka kete ya mwisho ianguke katika shimo tupu, yaani alale. Kwa hiyo mchezaji wa bao hawezi kutegemea picha iliyotulia. Anahesabu huku picha yenyewe ikigeuka. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake Leiden mwaka 1995, akiiuliza akili ya mwanadamu yaweza kufika wapi katika kazi ya namna hiyo.

Hapa ndipo tunapomtaka mwalimu mtarajiwa atulie. Mtoto akishindwa bao, ameshindwa nini? Huenda ni hesabu, huenda ni subira, na huenda hajawahi kuruhusiwa kuligusa. Tuseme wazi: katika vijiji vyetu vingi bao ni la wanaume barazani. Msichana hupita akiwa na ndoo ya maji, na hakuna amwambiaye "keti uzingatie". Tukiligeuza bao kuwa kipimo cha akili ya nafasi, tutakuwa tumewashusha wasichana wa Kaagya kabla kete haijapandwa, hali nyumbani wengi wao hujifunza kusuka mikeka, kazi ambayo msukaji sharti aujue mstari wa kumi angali katika wa pili. Mwalimu asemaye wasichana hawana akili ya maumbo hajautazama mkeka alioukalia.

Mfano wa Uganda ungewafaa wanachuo. Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, alifundishwa sataranji na Robert Katende katika kituo ambako watoto walipewa pia uji, na mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia ya timu huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Hakuna aliyempima macho ya akili kabla ya kumkaribisha. Alipewa ubao, mwalimu, na muda wa kutosha.

Wako pia wanaodai kwamba mchezo wa ubao utawanoa watoto kwa masomo yote. Armenia iliifanya sataranji kuwa somo la shule za msingi mwaka 2011, na madai hayo yamesikika kwingi. Lakini Uingereza, katika jaribio la shule 100 lililotolewa taarifa mwaka 2016, watoto waliofundishwa sataranji hawakuonekana mwaka mmoja baadaye kuwazidi wenzao katika hesabu. Tusiwaahidi wazazi tusichoweza kutoa. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 217 ulionyesha kwamba uwezo wa nafasi hukua kwa mazoezi. Ikiwa hukua, basi kazi ya mwalimu ni kuukuza, na kuupima ili kuwagawa watoto ni kuipa kisogo kazi hiyo.

Twapendekeza zoezi lisilo na gharama. Yachimbwe mashimo 16 ardhini, safu mbili za manane, yahesabiwe kwa kuzunguka. Kokoto zatosha, punje za kahawa ziachwe, maana zina bei sokoni. Mtoto aambiwe: shimo la 3 lina kokoto 5, kokoto ya mwisho itaanguka wapi? Ajibu kabla ya kugusa, kisha apande. Itaanguka shimo la 8, naye ataona mwenyewe kuwa ni 3 na 5. Halafu shimo la 14 lenye kokoto 6. Wengi watasema 20, na darasa litacheka kwa sababu shimo la 20 halipo. Wasisahihishwe na mwalimu. Wapande, wafike shimo la 4, ndipo waulizwe zile 16 zimekwenda wapi. Wasichana na wavulana wapokezane zamu kwa idadi sawa. Mwalimu aandike daftarini yale mtoto aliyoyatabiri na sababu aliyoitoa, si kushinda au kushindwa kwake. Na baada ya majuma matatu alilinganishe jibu la mtoto na jibu lake mwenyewe la juma la kwanza, bila kulilinganisha na la mwenzake.