Tenisi kwa watoto wadogo: tukate kwa kipimo chao



Sisi ni mawifi wawili, tuna cherehani tatu hapa Kasulu, na nguo nyingine tunazipeleka Kibondo siku za mnada. Tunashona sare za shule, mashungi na magauni ya harusi. Leo lakini tunazungumzia tenisi. Msicheke kwanza.

Mwaka juzi nyumbani kwetu ziliingia raketi mbili za mtumba kutoka Kigoma mjini, raketi za watu wazima. Binti yetu wa miaka sita aliishika kwa mikono miwili na bado ikamlemea. Mpira wa kwanza ukampita juu ya kichwa, wa pili ukampiga mkononi. Siku ya tatu akasema, "Mimi siwezi, hii ya kaka." Na sisi watu wazima tukamkubalia. Hilo ni kosa letu, wala si la mtoto.

Mafundi wenzetu mnajua: mtoto akivishwa gauni la mama yake akajikwaa, hatumlaumu mtoto. Nguo ndiyo haikukatwa kwa kipimo chake.

Wenye mchezo wao walishaliona hilo. Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilianzisha kampeni ya kuwafundisha wanaoanza kwa mipira ya polepole. Mpira mwekundu, wa watoto wa miaka minane kushuka chini, mwendo wake ni pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko ule wa manjano wa wakubwa. Wa machungwa ni pungufu kwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Uwanja wa wadogo una urefu wa mita 11 hivi, wakati wa wakubwa unakaribia 24. Wavu unashushwa mpaka sentimita 80, na raketi ni fupi na nyepesi. Tangu 2012 kanuni inakataza mpira wa kawaida wa manjano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Sababu yake ni nyepesi: mpira mgumu unadunda juu ya bega la mtoto, hauwahi, na asiyeuwahi huchoka moyo.

Basi tukajaribu. Uwanja wetu ni ua wa nyuma, udongo mwekundu uliofagiliwa, mistari ya majivu. Wavu ni kamba iliyoning'inizwa vipande vya vitenge. Seremala alituchongea vibao vyenye mpini mfupi. Mipira mikuukuu tuliitoboa kwa sindano ya magunia ili isidunde sana. Mvua ikinyesha tunasimamisha, maana udongo huu unateleza.

Mdogo wake, wa miaka mitano, aliurudisha mpira siku ya kwanza. Yule mkubwa alikaa kizingitini wiki mbili akitazama tu. Neno "siwezi" likishaingia halitoki upesi. Siku alipoinuka mwenyewe akachukua kibao, tulijifanya hatukumwona, tukaendelea kushona.

Tunajua maneno yatakayokuja. "Mtoto wa kike ana maji ya kuchota." Kweli, na kaka yake pia ana mikono. "Na stara je?" Tumewashonea suruali pana, kanzu ya magotini na shungi fupi lisilopeperuka, wanakimbia bila kushikilia nguo. Mtume wetu (SAW) alishindana mbio na Bi Aisha (RA), basi kukimbia kwa mwanamke si jambo geni kwetu.

Ons Jabeur wa Tunisia alipelekwa uwanjani na mama yake akiwa na miaka mitatu. Akafika fainali ya Wimbledon mwaka 2022 na 2023. Jirani yetu Mkenya Angella Okutoyi alianza na miaka minne, na mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili kwenye Wimbledon ya vijana. Hatusemi watoto wa Kasulu na Kibondo wote watafika huko. Tunachotaka ni msichana asijione dhaifu kwa sababu tu alipewa kitu kisichokuwa saizi yake.

Biharusi, inshallah utajaaliwa watoto. Akisema "siwezi", kabla hujamwitikia, tazama alichoshika mkononi. Kama ni kikubwa, kipunguze. Na walimu wa shule na madrasa zetu, kamba moja na vibao vinne vinatosha kuanza Jumamosi hii. Nyavu za vitenge tutawashonea sisi, mabaki hayatuishi.

Wabillahi tawfiq.