Kamera za parki zinatuona na sisi

Ndugu vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Kisangani, na ninyi munaotufuata toka Kinshasa, Lubumbashi na inje ya inchi,

Leo hatusemi bei ya unga wala barabara. Leo tunasema pori, na machini zinazolichunga. Tunajua kuko watakaosema: pori ni mambo ya watalii na ya wazungu, sisi tuko watu wa mujini. Angalia kwanza chini ya sufuria yako. Makala ya kupikia Goma, tangu miaka mingi, sehemu yake kubwa inakatwa ndani ya Virunga. Chaji ya telefone yako pia, kwa avenue nyingi za Goma, inatoka Matebe, kwenye mutambo wa umeme uliojengwa na parki juu ya muto Rutshuru. Basi pori liko ndani ya nyumba zetu, tupende tusipende.

Parki za Kongo zinaingia mu wakati wa akili bandia, ile wengi wetu tunaita IA. Sisi tunaunga mukono ile kazi, na tutaeleza juu ya nini. Lakini macho mapya yanayofungwa porini hayaoni wanyama peke yao. Yanaona mama mwenye kubeba kuni, yanaona kijana muvuvi na mutumbwi wake, yanaona Mutwa anayetafuta dawa ya mutoto. Tunataka kila raia ajue picha yake inaenda wapi, nani anaiangalia, na nani anaweza kumufunga juu ya ile picha.

Tueleze kwanza namna inafanya kazi, juu mambo mingi inayopita ku WhatsApp ni uongo. Kamera ndogo inafungwa kwa muti. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, inapiga picha, muchana na usiku. Kisha wiki ao miezi, mulinzi anarudi kuchukua kadi, na ndani ya kadi kuko maelfu ya picha, nyingi za bure: jani limetikiswa na upepo, kivuli, mvua. Zamani mwanafunzi alikuwa anakaa miezi mizima mbele ya machini akiandika: hapa nguruwe wa pori, hapa sokomutu, hapa hakuna kitu. Akili bandia inachukua ile kazi. Imeonyeshwa picha mingi zilizokwisha kupewa majina na watu, ikajifunza sura ya kila munyama, na sasa inapanga yenyewe kwa haraka. Inakosea pia, zaidi kwa munyama asiyeonekana sana. Njo maana lazima mutu arudilie kuangalia.

Programu moja ya kazi hii inaitwa Zamba. Ndiyo, zamba, pori kwa Lingala. Imetengenezwa Marekani na DrivenData, kwa video zilizopigwa Afrika ya kati na Afrika ya magharibi. Jina letu, pori letu, machini yao. Hatusemi hivi kwa hasira, juu ile programu iko wazi na ni ya bure, na ninyi munaojifunza informatike munaweza kuichukua leo hii. Kule Gabon wako na ingine, Mbaza, inayofanya kazi bila intaneti kwa machini ya kawaida tu. Walioitengeneza walikumbuka ya kama ku pori hakuna rezo.

Kuko na masikio pia. Kwa jirani, Congo-Brazzaville, ndani ya parki ya Nouabalé-Ndoki, univerisite ya Cornell iliweka vinasa sauti 50 katika eneo la kilometa za muraba 1,250. Tembo wa pori wanaongea kwa sauti nzito sana, ingine sikio la mutu halisikie. Programu inaichambua ile sauti, na inachambua pia mulio wa bunduki. Sauti zinakusanywa kisha miezi, kwa hiyo hazimuite mulinzi papo hapo. Lakini zinaonyesha ni upande gani na saa gani majangili wanapenda kufyatua, na mulinzi anajua sasa ni wapi atapeleka miguu yake.

Na miguu ya mulinzi, kwetu, ni maisha yake. Tarehe 24 mwezi wa ine 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa Virunga, shofere wao mumoja na raia 4 waliuawa siku moja. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2021, walinzi wengine 6. Tangu ile parki ianzishwe mwaka 1925, imekwisha kuzika walinzi zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka yetu, watoto wa Rutshuru, wa Masisi, wa Lubero. Kama machini inaweza kumwambia mulinzi kwamba njia ile iko na watu wenye silaha leo, hatuwezi kusimama mbele yake na kusema hapana. Garamba, kule Haut-Uele, inatumia EarthRanger, programu inayoonyesha kwa karte moja mahali patroli iko na mahali tembo wenye kola wako. Ile parki ilikuwa makao ya mwisho ya kifaru mweupe wa kaskazini porini. Leo hakuna hata mumoja aliyebaki pale, walimalizwa na bunduki. Mwaka 2023 walileta 16 wa kusini toka Afrika ya Kusini kuanza upya. Epulu, mwaka 2012, Maï-Maï waliua okapi 14, munyama ambaye dunia nzima haina kwake porini, ni sisi tu tuko naye.

Basi tunakubali. Sasa tuseme upande wa pili.

Mwaka 2024 muchunguzi wa univerisite ya Cambridge alitoa kazi yake juu ya parki ya Corbett, India, parki ya chui milia. Kamera zilifungwa kwa kuhesabu wanyama. Lakini wamama wa vijiji wanaingia lile pori kila siku kutafuta kuni na majani. Mumoja alipigwa picha akijisaidia, na vijana waliopewa kazi ya parki wakaitupa ile picha ku WhatsApp na Facebook. Watu wa kijiji walivunja na kuchoma kamera walizopata. Wamama wengine, wakiona kamera, waliacha kuimba. Mutauliza: kuimba ni kitu gani? Ni kwamba wanaimba porini ili chui asikie na akae mbali. Machini ya kulinda munyama ikawanyima wamama ulinzi wao.

Hakuna haja ya kwenda mbali sana kujua tuko wapi. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi mule wakafukuzwa bila fidia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilitangaza hukumu yake: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Makumi ya miaka ilikwisha kupita. Sasa fikiri kamera yenye akili bandia inafungwa kwa muti uliopandwa na babu yake yule Mutwa. Kwa machini yeye ni "mutu ndani ya eneo la kukatazwa". Machini haijui historia, inajua mupaka tu, na ule mupaka aliuchora mutu.

Kuko hatari ingine ambayo India haina. Kwetu kuko vita. Tangu mwisho wa 2021 M23 imerudi, ikashika sehemu kubwa ya Rutshuru, na mwanzo wa 2025 Goma kisha Bukavu. Karte inayoonyesha ngagi walilala wapi, tembo wanakunywa wapi, patroli inapita wapi, ndani ya mikono ya mulinzi ni ngabo. Ndani ya mikono ya mwenye silaha ni karte ya kuvizia. Hatusemi imetokea. Tunasema kila mutu anayeweka ile mitambo Kongo anapaswa kujibu hili swali kabla hajafunga kamera ya kwanza: muji ukianguka usiku, nani anafunga machini, nani anafuta, na kopi iko inchi gani? Kama jibu ni "tutaona", arudi na mizigo yake.

Na tuseme ukweli wote. Satelite inaona muti umeanguka, haioni mufuko wa nani umejaa. Gunia la makala linalipa kila kizuizi toka porini mpaka sokoni, wenye silaha wanakula, na wengine wenye uniforme wanakula. Mama wa kuni njo picha rahisi. Mwezi wa saba 2022 serkali ilitangaza kuuzisha vitalu vya petroli, na vingine viliingia ndani ya Virunga. Mwaka 2024 ikafuta, juu ya kukosa wanunuzi wa maana. Mwaka 2025 ikarudi na vitalu ingine 52 ku Cuvette Centrale. Hakuna programu iliyotoa alarme ile siku. Kamera inafungwa kwa muti, haifungwi ku ofisi kwenye wanatia sahihi.

Ndani ya zile machini zote kuko pia kitu cha kwetu. Tantale ya vifaa vya elektroniki inatoka kwa coltan, na Rubaya ni moja ya mashimo makubwa ya coltan duniani. Batri zinataka cobalt, na zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inatoka Kongo. Tunatoa jiwe, tunatoa picha, tunatoa walinzi wa kufa. Halafu kijana wa Kisangani mwenye diplome anaambiwa hakuna kazi.

Kwa hiyo, tunaomba nini? Picha za watu zitengwe na picha za wanyama siku ile ile kadi inafunguliwa, sura zifunikwe, na zifutwe kama hazihusu kosa kubwa. Programu inaweza kufanya hivyo, ni kazi rahisi kwake kuliko kutofautisha swala wawili. Sheria iko: Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda data za kila mutu, na hatuoni neno linalosema kwamba ndani ya parki haifanye kazi. Sheria ya 2022 juu ya Pygmées inawapa haki zao. Kabla ya kufunga kamera karibu na kijiji, wakaaji waitwe, waonyeshwe kile kifaa, waulizwe wanapita wapi. Mama wa Kibumba anajua njia za pori kuliko satelite yoyote.

Hesabu ya wanyama irudi kwetu. Si mahali kamili ngagi analala, ile lazima ibaki siri. Lakini namba ya kila mwaka, kwa Kiswahili na Lingala, ibandikwe ku soko ya Rutshuru na ku Vitshumbi. Muvuvi wa ziwa Edouard alizaliwa akisikia viboko ni maelfu, leo ni wachache, na mwaka 2025 ugonjwa wa anthrax uliua karibu 50 ku Virunga. Yeye ndiye anaona muzoga wa kwanza unaelea. Akiwa na namba ya kupigia na mutu wa kumujibu, anashinda machini kwa haraka.

Na kazi. Univerisite ya Kisangani iko na kituo chake cha kuchunguza viumbe vya pori. Tuko na vijana wa biolojia na wa informatike Goma, Butembo, Bukavu, Lubumbashi. Kuipa picha majina, kufundisha machini, kurekebisha makosa yake, ifanyike hapa na ilipwe vizuri. Tuliona Kenya vile vijana walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kusomea akili bandia ya Wamarekani maneno ya uchafu na ya mauaji. Ile bei isivuke mupaka. Na mulinzi alipwe kwanza, kwa wakati, na mujane wake asitembee ofisi kwa ofisi na karatasi mukononi. Kamera haikufe, haiache yatima.

Kama unaishi karibu na parki na umeona kamera kwa muti, usiivunje, usiibebe. Usitupe mahali iko ku mitandao, juu jangili naye anasoma. Usipige sura ya mutu. Tuandikie sisi kwa siri: kijiji, mwezi, kama chefu na wakaaji waliambiwa mbele, na kama kuko mutu aliyekamatwa ao kutozwa pesa juu ya picha. Tutakusanya yote bila majina na tutayapeleka kwa ICCN na kwa wabunge wa majimbo yetu, Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba, Okapi, Salonga, Maiko, Upemba, kila parki na swali lake. Ninyi wa informatike munaotaka kutusaidia kuzipanga zile habari, semeni kwa ujumbe kabla ya mwisho wa mwezi. Tunatafuta zaidi wanaojua kulinda faili vizuri.