Umri wa Hesabu na Umri wa Tuhuma

Mwenye duka hufunga daftari lake mwisho wa mwaka. Mwanadamu hulifungua lake pale nguvu zinapoanza kumpa mkono wa kwaheri: watoto wamekua, wazazi wamezikwa, mwili umeanza kudai madeni ya ujana, na njia iliyobaki yaonekana fupi kuliko ile iliyokwisha kupitwa. Ndipo swali linapoingia bila ya kubisha hodi: nimeishi vipi, na ninaelekea wapi?

Swali hilo ni kongwe, na fasihi ya Kiswahili na dini zilizoilea hazikulidharau. Kurani, katika Sura ya Al-Ahqaf, yautaja umri wa miaka arobaini kuwa ni wakati wa mtu kushukuru, kutubu na kuwaombea dhuria wake. Mtume Muhammad alifikiwa na wahyi katika umri huo huo. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, mwenye cheo na wanafunzi kwa mamia, alipoviacha vyote mwaka 1095, hata arobaini hajaitimiza, kwa kuwa alikwisha kuitilia shaka nia yake mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Nasir, mshairi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate akausemeza moyo wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alijiandika mwenyewe katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu ambacho jina lake tu latosha kuwa somo.

Watu hawa hawakufanana kwa zama wala kwa makazi, lakini jambo moja liliwaunganisha. Walipotafuta kosa, walianzia nyumbani. Pate ilikuwa imeanguka. Kumbi zilizowahi kung'ara zilikuwa makao ya popo. Sayyid Abdalla hakuuliza ni nani aliyeiroga Pate. Aliuuliza moyo wake kwa nini haujaamka.

Leo swali hilo limeibwa. Katika sehemu kubwa ya nchi, mtu wa makamo anayesimama njia panda na kuuliza "ninaelekea wapi?" hukabidhiwa swali jingine badala yake: "ni nani aliyekuzibia njia?" La kwanza humpeleka kwenye toba, la pili humpeleka kwa jirani. Na kwa kuwa swali la pili ni jepesi, lina wachuuzi wengi.

Achukuliwe mtu wa Mwandoya, katika wilaya ya Meatu, iliyokuwa chini ya Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Hii ni nchi ya pamba, ya mtama na ya ng'ombe. Nchi kavu, ambayo mvua yake huahidi Novemba na pengine isitimize hata Februari. Mtu huyo ana miaka hamsini. Ng'ombe wake wamepungua kwa ukame. Kijana wake alikwenda Mwanza kutafuta maisha na salamu zimekatika. Kifua kinambana usiku. Msimu wa mwaka 2019 wakulima wengi wa pamba walipeleka mavuno yao na kukaa miezi wakingoja malipo. Pengine na yeye alikuwamo. Amekaa kizingitini jioni, na daftari la maisha yake limefunguka lenyewe. Mtu wa namna hii anastahili kusikilizwa kuliko wote, maana ameuliza la maana.

Dini ya wahenga wake ina la kumwambia. Wasukuma walimjua Mungu kabla ya kufikiwa na mmisionari wala mwalimu wa chuo, nao waliwakumbuka masamva, wahenga waliotangulia, kwa tambiko na kwa sadaka. Masamva wakikasirika, huwa wana dai, na dai hilo lamhusu mdaiwa: umemsahau nani, umeacha wajibu gani, nani hukumzika kwa heshima? Hata asiyeiamini dini hiyo ataona kwamba swali lake ni swali la hesabu. Linamgeuza mtu akajitazame. Kwa hiyo wanaodai kuwa Msukuma hutuhumu kwa sababu ndiyo dini yake, wanamsingizia Msukuma na wanaisingizia dini.

Lakini mfumu, yaani mpiga ramli, hana jibu moja. Kuku akisha kupasuliwa, matumbo yake yanaweza kusoma masamva, na yanaweza kusoma mchawi. Jibu la kwanza humtoza mteja unyenyekevu. La pili humpa adui. Soko lilichagua zamani. Na mfumu hayuko peke yake sokoni humo. Yuko mhubiri wa mahema na vipaza sauti, anayemwambia mama wa miaka arobaini na tano kwamba kufunga kwake uzazi, deni lake na ugomvi wa ndoa yake vyote vimetumwa, na kwamba aliyevituma yumo katika ukoo. Yuko mganga wa kitabu, mwenye kilemba na kalamu ya mwanzi, anayefungua falaki na kusema "ni mwanamke, mfupi, wa karibu." Watatu hawa hulaaniana hadharani. Katika jambo hili moja ni ndugu wa damu: wote huuza jina.

Na jina hilo kwa kawaida ni la nani? Hapa ndipo makosa ya imani yanapokuwa damu. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, walio wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati huo. Taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013 ilitaja watu 765 waliouawa kwa sababu hiyo hiyo, na 505 kati yao walikuwa wanawake.

Alama iliyowahukumu wengi wa wanawake hao ni macho mekundu. Msomaji na aitafakari alama hii. Katika nchi iliyokwisha kukatwa miti, mwanamke hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, tangu utotoni mwake. Moshi humla macho kwa miaka arobaini. Anapofikia umri wa kuheshimiwa, watoto wale wale aliowapikia huyatazama macho hayo na kusema ni ya mchawi. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa mwanamke huyu moshi haukwenda. Ulibaki machoni pake ukawa ushahidi wa mashitaka.

Hivyo basi, umri ule ule una maana mbili chini ya paa moja. Mwanamume wa hamsini ameingia katika umri wa hesabu: atakaa na wazee, atauliza, atajibiwa. Mjane wa hamsini ameingia katika umri wa tuhuma. Yeye haruhusiwi kutafakari mwisho wake, kwa kuwa wengine wameshamtafakaria. Akisali sana, anaficha jambo. Akikaa peke yake, anapanga jambo. Akirithi shamba la mumewe, basi amekwisha. Maana mara nyingi nyuma ya jina lililotajwa na mfumu husimama shemeji mwenye macho juu ya mpaka wa shamba.

Watakuwapo watakaosema: uchawi upo, vitabu vimeukiri, na anayeukana amekana dini. Hoja hii husemwa kwa kishindo kana kwamba imemaliza mjadala, na kumbe haijauanza. Sura ya Al-Falaq yautaja uovu wa wapulizao mafundoni na uovu wa hasidi. Je, yamwagiza muumini nini? Yamwagiza ajikinge kwa Mola wake. Haimwagizi akatafute jina. Katika Biblia, Ayubu alipoteza ng'ombe, ngamia, watumishi na watoto, kisha afya yake. Hakuna mfugaji wa Meatu aliyepata kufilisika kuliko yeye. Akakaa majivuni, akabishana na Mungu ana kwa ana, wala hakumtuma mtu kwenda kuuliza ni jirani gani aliyemtenda. Kuamini kwamba uovu upo ni imani. Kumnyooshea bikizee kidole kwa kauli ya matumbo ya kuku ni kuikimbia imani hiyo, kwa sababu ni kukataa kuuacha uovu mikononi mwa Mungu.

Wengine watasema kwamba ni ujinga tu, na shule itaumaliza. Laiti ingekuwa hivyo. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwaleta Wasukuma pamoja ili wapate shule na zahanati. Iliwaleta pia karibu na majirani ambao hawakuwachagua, na tuhuma zikapata makao. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, pahali pengine waliwageukia bikizee. Januari 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikapiga marufuku tena. Kibanda cha mganga hufungwa kwa amri. Hitaji la mteja halifungwi hivyo. Na wateja wa viungo vya wale wanyonge hawakuwa wakulima wasiojua kusoma, kwani mkulima hana fedha za biashara hiyo.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Kwa haki yake, kikombe kile hakikumtaja mchawi. Lakini magari yaliyojipanga barabarani yalikuwamo ya mawaziri na ya wenye shahada, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali. Elimu haikuwazuia, kwa sababu walichokitafuta si maarifa. Walitafuta kuvushwa upande wa pili wa hofu bila ya kuogelea.

Wala kisiwa kisijisifu kwa kusoma habari za bara. Mwaka 1995 Popobawa aliposumbua usiku wa Pemba na Unguja, watu walilala nje wakikesha pamoja, na hofu ile haikuridhika kubaki hofu. Ilidai mwili, na mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Kisiwa chenye misikiti kila mtaa kilifanya kile kile kinachosemwa kuwa ni ushenzi wa Usukumani. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili, na kila mtu huitumia methali hiyo kumtazama nduguye kwa jicho la pembeni. Nguo ni ya nani? Avaaye nguo ni yeye mwenyewe.

Kuna faida nyingine katika wizi huu, nayo si ya mganga. Mkulima anayeshughulika kutafuta mchawi wa ng'ombe wake hamuulizi mnunuzi ilikokwenda fedha ya pamba. Hamuulizi diwani kwa nini lambo halikuchimbwa, wala zahanati kwa nini dawa za presha zimekwisha. Bikizee mmoja mwenye macho mekundu huwabebea wakubwa wengi mizigo yao, na hailipwi kazi hiyo ila kwa panga.

Basi mtu wa makamo arudishiwe swali lake. Shehe, padri, mchungaji na mfumu wanaweza kutofautiana juu ya Mungu watakavyo, lakini atakayejiwa na mtu mwenye daftari wazi na asimtajie mtu. Na amuulize yale yaliyo magumu: deni gani hukulilipa, nani ulimdhulumu, mwanao ulimwambia nini siku alipoondoka, na mjane wa nduguyo anapikia wapi? Swali hili la mwisho lina jibu ambalo mtu wa Mwandoya anaweza kulianza kesho asubuhi. Nalo ni kuchukua shoka, kutoboa dirisha katika ukuta wa jiko la mjane huyo, moshi ukatoka.