Kondoo wa Pasaka Katika Kikaango



Pasaka inapokaribia, akina mama huanza kuhesabu fedha: nguo za watoto, viatu, mchele, nyama, mafuta. Akina baba nao huhesabu, ila mara nyingi hesabu yao huishia kwenye chupa. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lisiloomba fedha nyingi, yaani chakula cha asubuhi cha siku kuu, na jinsi ya kukaanga chapati za maji zenye sura ya wanyama ili watoto wafurahi. Najua wengine watacheka na kusema: «Mwalimu ameacha chaki, ameshika mwiko!» Wacheke. Mimi pia nilikuwa nikicheka, mpaka Pasaka moja iliponifundisha.

Mwaka ule tulikuwa tukikaa Bukavu, juu ya kilima ambapo asubuhi, ukungu ukiondoka, mtu huliona ziwa la Kivu limelala chini yake. Mke wangu alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa bado kama majuma matatu. Lakini Jumamosi Kuu jioni alishikwa na uchungu, tena damu ikamtoka. Tukampeleka hospitali mvua ikinyesha. Mtoto alizaliwa saa nane ya usiku, naye alikuwa mzima, bali mama yake alikuwa amepungukiwa sana na damu, na mganga aliniambia maneno machache tu: «Mwalimu, tungoje kuche.» Shemeji yangu alibaki karibu naye, nami nikarudi nyumbani kwa watoto, maana tulikuwa tumewaacha kwa jirani.

Nilipofika, jua lilikuwa halijatoka. Watoto wangu watatu walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Walikuwa wameketi kitandani, wamevaa nguo zao mpya, wakingoja. Mkubwa ni msichana, alikuwa na miaka kumi. Wa pili mvulana wa miaka saba. Na kitinda mimba wa miaka minne.

«Baba, Mama yuko wapi?»

«Yuko hospitali. Mmepata ndugu.»

«Atarudi lini?»

Hapo ulimi wangu ulikauka. Mimi ninayesema kutwa mbele ya wanafunzi hamsini, nilikosa neno mbele ya watoto watatu. Kitinda mimba akasema: «Mama aliahidi kwamba leo atatukaangia kondoo.»

Ni kweli. Kila asubuhi ya Pasaka mke wangu huwakaangia watoto chapati zenye sura ya kondoo, samaki na kobe, kazi aliyojifunza kwa Masista alipokuwa msichana. Nami kila mwaka nilikuwa nikimwambia kwamba anapoteza wakati na unga, kwa sababu chapati ya mviringo na chapati ya kondoo, zikifika tumboni, ni moja. Nikatazama mezani. Unga ulikuwa umepimwa katika bakuli, mayai yako kando, na juu yake kitambaa safi. Alikuwa amekwisha kutayarisha yote kabla ya kushikwa na uchungu.

Basi nikawasha mbabula pale uani, chini ya bati. Kondoo wangu wa kwanza aliungua. Wa pili hakuwa na kichwa. Wa tatu alikuwa mweusi mgongoni, mnene mabegani, na mikono yake ilifika chini. Mvulana akamtazama sana, akasema: «Baba, huyu si kondoo, ni gorila wa Kahuzi.» Wakacheka wote, nami nikacheka, ingawa moyo wangu ulikuwa hospitali.

Ndipo binti yangu akaja kuchuchumaa karibu nami. «Mama huchora macho kwanza, Baba, halafu hungoja.» Akanishika mkono, akanionyesha. Tulifanya kazi hivyo kitambo, yeye akichora, mimi nikigeuza. Kisha, bila kuinua macho yake kikaangoni, akauliza polepole, wadogo wake wasisikie: «Mama atakufa?»

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, ule uongo mwema ambao sisi wazazi huupenda. Lakini mtoto huyu alikuwa ameiona damu njiani. Nikamwambia: «Mwanangu, Mama amepotewa na damu nyingi. Waganga na wauguzi wanamtunza. Mimi sijui bado. Tukimaliza hapa nitakwenda kumtazama, na nikirudi nitakuambia kweli yote.» Hakulia. Alichora kondoo mmoja, taratibu kuliko wote, mwenye manyoya na masikio na macho mawili. Alipoiva akamweka katika sahani peke yake, akasema: «Huyu haliwi. Ni wa Mama.»

Wakati ule jirani yetu, fundi wa mbao, mtu mwenye utani mwingi, alitokea pale uani. «Ah, Mwalimu! Siku hizi ndivyo ilivyo?» Nikamweleza habari kwa maneno mawili. Akaweka kofia chini, akamchukua kitinda mimba kwa mkono, akasema: «Nenda. Hawa nitawapeleka Misa pamoja na wangu.»

Saa tatu nilifika hospitali na sahani yangu, imefungwa kwa kitambaa kile kile. Mke wangu alikuwa macho. Walikuwa wamemtia damu, na uso wake ulikuwa umeanza kurudi. Alifungua kitambaa, akamtazama kondoo, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika njiani, kisha akanitazama mimi na unga uliokauka mikononi mwangu. «Je, Baba,» akasema kwa sauti ndogo, «unga haukupotea mwaka huu?»

Sikuwa na jibu, wala yeye hakulingoja. Alikula sikio moja, akalala usingizi.

Kwa nini kondoo, na kwa nini asubuhi ya Pasaka? Desturi hii ina asili yake. Huko Ulaya Pasaka huja baridi ikiisha, siku zikirefuka, miti ikichipuka na kondoo wakizaa. Kanuni ya zamani yaiweka Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia au kuufuata mwanzo wa majira hayo, unaohesabiwa kuwa tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Tena zamani, siku zote za Kwaresima, Wakristo walijinyima si nyama tu, bali hata mayai na maziwa. Kuku hawakujua habari za mfungo, wakaendelea kutaga, na siku kuu ilipofika kila nyumba ilikuwa na mayai tele. Ndiyo sababu moja ya mayai ya Pasaka, na ya mikate yenye mayai mengi.

Katika Alsace, upande wa mashariki wa Ufaransa, hufanya keki yenye umbo la mwana-kondoo aliyelala. Huioka ndani ya kalibu ya udongo, na wafinyanzi wa kijiji cha Soufflenheim ni mashuhuri kwa kazi hiyo. Ikitoka motoni hunyunyiziwa sukari nyeupe laini kama manyoya, nayo huliwa asubuhi ya Pasaka. Katika Italia hufanya mkate wenye sura ya njiwa, na Warusi huoka mikate midogo yenye sura ya ndege ili kuyakaribisha majira mapya. Sisi wa Kivu hatuna majira yale. Hapa Pasaka huja mvua ikinyesha, maharagwe yakiwa shambani. Lakini mtoto ni mtoto, na kikaango ni kalibu ya bei rahisi. Basi sikilizeni namna ya kufanya.

1. Mchanganyiko. Twaeni unga wa ngano gramu 250, yaani kama vikombe viwili, mayai 2, maziwa desilita 3, sukari vijiko vikubwa 2, mafuta kijiko kikubwa 1, na chumvi kidogo. Maziwa yakikosekana, maji yatafaa. Tieni mayai katikati ya unga, kisha maziwa kidogo kidogo, mkikoroga ili madonge yasiwepo. Funikeni, mwache nusu saa, unga unywe maji. Mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kutiririka polepole kutoka kijikoni. Ukiwa mwepesi, mnyama wenu atatanda kama ziwa. Ukiwa mzito, hataiva ndani. Wala msizidishe sukari, kwa maana huungua upesi.

2. Kalamu. Kijiko chatosha, lakini chupa ndogo ya plastiki yapita kijiko. Itoboeni katika kifuniko kwa msumari wa moto, tundu liwe kama unene wa utambi wa taa. Mkiibonyeza, mtachora kama kwa kalamu.

3. Moto. Hili ndilo lililonishinda mimi. Ngojeni makaa yashike majivu meupe, na moto uwe wa kiasi. Pakeni kikaango mafuta kidogo kwa kitambaa. Yakiwa mengi, michoro hukimbia.

4. Kuchora. Anzeni na mistari: macho, mdomo, manyoya, magamba. Kisha hesabuni polepole mpaka thelathini. Mistari iliyotangulia hukaa motoni kitambo zaidi, kwa hiyo huwa ya kahawia. Halafu mimineni mchanganyiko juu yake na kuijaza sura yote. Mapovu yakitokea juu, na ukingo ukikauka, geuzeni. Mtaona macho yakiwatazama. Lakini angalieni: kinachogeuzwa hutokea kinyume, kama katika kioo. Mwaka uliofuata niliandika herufi ya kwanza ya jina la mwanangu, naye akaniuliza kwa adabu kama mwalimu amesahau kuandika.

5. Wanyama. Anayejifunza na aanze na kobe: duara moja, matone manne ya miguu, tone la kichwa, na mistari ya gamba. Samaki ni yai refu na mkia wa pembe tatu. Mkitaka, dondosheni visamaki vingi vidogo, mkawaite sambaza. Hapo mwambieni mtoto kwamba sambaza hawakuwapo zamani katika ziwa la Kivu, bali waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Sungura ni duara na masikio mawili marefu. Kondoo ni wingu lenye miguu. Na mwenye mkono hodari na ajaribu okapi, mnyama wetu, ambaye porini hapatikani ila katika misitu ya Kongo, na ambaye wataalamu wa nje hawakumpa jina lao ila mwaka 1901. Choreni kwanza milia ya miguu, mngoje, kisha mjaze mwili. Na mnyama akiungua? Mwiteni gorila.

Sasa neno la kuonya. Wakati wa Pasaka mvua hunyesha, na watu hupenda kuingiza mbabula chumbani. Msifanye hivyo kamwe milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, nayo imekwisha kuua jamaa nzima usingizini. Kaangeni nje, chini ya bati au baraza. Mafuta yakishika moto, yafunikeni kwa kifuniko, msiyamwagie maji. Mtoto mdogo achore kwanza juu ya sahani baridi. Mwenye miaka kumi na achore kikaangoni, mzazi akiwa karibu naye.

Enyi akina baba, neno langu la mwisho ni lenu. Sisi hununua nguo za siku kuu na kudhani kwamba tumemaliza wajibu wetu. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini binti yangu hakuniuliza swali lake siku niliyomnunulia viatu. Aliniuliza nilipochuchumaa karibu naye, mikono yetu ikiwa na kazi moja. Watoto wana maswali mengi ya namna ile, nao huyaficha mpaka wapate mahali pa kuyaweka. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Na amkunjaye hawezi kukaa mbali naye.

Mwaka huu jaribuni, hata kama ni kobe mmoja tu. Unga wa vikombe viwili utatoa chapati ndogo kama kumi na mbili. Ikibaki moja, mpelekeeni mgonjwa au mjane jirani yenu, imefungwa katika kitambaa safi.

Ama yule mtoto aliyezaliwa usiku ule, sasa anakwenda shule. Mama yake ni mzima, na ndiye anayenisahihisha ninapochora. Kila Pasaka mtoto huyo hukaa wa kwanza karibu na mbabula na kudai kwamba kondoo wa kwanza ni wake, kwa sababu, asema yeye, mwaka ule alipokuja, hakuna aliyemwekea hata mkia.

Nawatakieni nyote Pasaka njema.

Mwalimu wenu