Bakora Haijawahi Kumfunza Mtoto Kusema Kweli

Kijana akiiba au akimtukana mwalimu wake, hukumu hupitishwa papo hapo, ndani ya daladala na kwenye vijiwe vya kahawa: watoto wa siku hizi wameharibika kwa sababu hawachapwi. Mzee mmoja atakumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na mjadala utaishia hapo.

Hawachapwi wapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao mikononi mwa ndugu na walimu. Wazazi wao nao walichapwa. Afisa anayeomba rushwa leo ili asogeze faili alilelewa kwa kiboko, tena enzi zile zinazosifiwa kwa adabu. Adabu hiyo ilimwishia wapi?

Mwaka 2011 wanasaikolojia Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliofanywa katika shule mbili za Afrika Magharibi. Moja ilichapa watoto, nyingine haikuchapa. Mtoto wa miaka 3 au 4 aliachwa peke yake chumbani na kitu cha kuchezea, akakatazwa kuchungulia. Wengi wa shule zote mbili walichungulia. Tofauti ilijitokeza walipoulizwa: wale wa shule ya fimbo walidanganya zaidi, na waliutetea uongo wao kwa ustadi kuliko wenzao.

Si ajabu. Mtoto aliyevunja chupa ya chai huku akijua kinachomngoja hafikirii hasara aliyomtia mama yake. Anafikiria vigae atavificha wapi na nani wa kusingiziwa. Mara nyingi ni mdogo wake, au dada wa kazi.

Na uaminifu wenyewe ataujifunza kwa nani? Mwenye duka akija kudai deni, mtoto huyohuyo hutumwa mlangoni aseme baba hayupo, na baba yuko chumbani anasikiliza. Jioni atachapwa kwa kusema uongo.

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko katika Katiba yake ya 2010. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 bado inamwachia mzazi nafasi ya kumrudi mtoto, mradi asipite kiasi. Lakini kiasi hicho hupimwa na mtu mwenye hasira, fimbo ikiwa mkononi. Nafasi hiyo ifutwe.

Badala ya kuchapwa, mtoto aliyepoteza chenji akarudi kukiri mwenyewe asikilizwe kwanza, kisha afuatane na mzazi kuitafuta njiani hadi dukani. Isipopatikana, ailipe kwa kazi za nyumbani anazoziweza. Malezi ya namna hiyo hula muda na hutaka subira, na wazazi wengi wanaoitetea bakora wanaikimbia kazi hiyo.